Tupeane uzoefu: santuri unayomkumbukia marehemu, na namna ya kuipiga isikike sawasawa

Mdau wa Kaloleni, Arusha

Wadau wa zilipendwa wa Arusha na Moshi, habari za siku. Tutaje santuri tunazowakumbukia wasanii waliotangulia mbele ya haki: wa dansi, wa taarabu, na wa nyimbo za filamu za Kihindi. Atakayetaja santuri aeleze na namna ya kuipiga, maana ikipigwa vibaya anayesikika si marehemu tena.

Naanza na Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa dansi, aliyefariki tarehe 12 Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Baada ya kifo chake zilitolewa LP (santuri kubwa za kasi ya 33⅓ kwa dakika) mfululizo zilizoitwa Ukumbusho, na hizo ndizo pa kuanzia kwa anayemtafuta.

Kosa linalomharibu zaidi ni kasi. Pleya nyingi za zamani zilizotoka Marekani zina mota inayofuata umeme wa hezi 60, na umeme wetu ni wa hezi 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 110 wakadhani wamemaliza kazi. Transfoma inabadili volti tu. Mota haiungui, lakini inazunguka pungufu kwa moja ya sita, na sauti ya Mbaraka inashuka karibu nusu-toni tatu. Ukimsikia mzito na mvivu, usiseme ndivyo alivyoimba.

Kupima ni rahisi. Bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani ya pleya, weka LP, teremsha sindano, kisha hesabu mizunguko kwa saa ya simu. Dakika 3 kamili zitoe mizunguko 100. Ukipata 83, tatizo ni hezi. Ukipata 97, ukirudia 98, ukirudia tena 96, mkanda wa mpira umelegea, badilisha. Pleya zenye mota ya DC, isiyofuata hezi, mara nyingi zina kitundu chini ya mota chenye skrubu ya kasi. Tumia bisibisi ndogo ya fundi saa, zungusha kidogo sana, hesabu upya. Kwa mota ya hezi 60 inayotumia mkanda, mpe fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma akutengenezee puli mpya yenye kipenyo mara 1.2 ya ile ya zamani. Iliyokuwa milimita 10 iwe 12.

Mdau wa Majengo, Moshi

Shukrani mkuu. Mimi namtaja mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya santuri ya HMV na kufariki 1950. Hizo ni santuri za kasi ya 78, na zina sheria zake.

Santuri ya 78 ni nzito, ngumu, ikianguka inavunjika kama sahani ya udongo. Imetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa mdudu, si plastiki. Mifereji yake ni mipana: inahitaji sindano yenye ncha ya mikroni 75 hivi. Ya LP ni kama mikroni 18, kwa hiyo ukiiweka kwenye 78 inazama hadi chini ya mfereji na kukwangua vumbi la miaka 90. Utasikia mvumo mtupu, Siti yuko mbali nyuma yake. Nunua katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) inayokubali kubadilishwa sindano, uwe na mbili.

Na tafadhali, LP isipigwe kamwe kwenye gramafoni ya kukoroga. Kichwa chake kinabonyeza kwa zaidi ya gramu 100, wakati pleya ya kawaida inabonyeza kwa gramu 2. Mara moja tu inatosha kuiua LP. Kwa 78 zenyewe, sindano ya chuma ya gramafoni ni ya upande mmoja: ukigeuza santuri, weka mpya. Ncha hutengenezwa iishe yenyewe ili mfereji upone.

Mdau wa Njiro, Arusha

Kuhusu usafi niseme kwa kirefu, kwa sababu vumbi letu la Arusha lina majivu ya volkano, na linakwaruza.

Usifute kwa kitambaa kikavu. Hapo unasugua mchanga ndani ya mifereji. Na usitumie maji ya bomba. Maji yetu yana madini mengi, yakikauka yanaacha chembe nyeupe zinazolia kama mahindi ya bisi. Tumia maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma chupa vizuri: unataka maji safi yaliyokenekwa, si asidi ya betri. Chupa hufanana.

Mchanganyiko wa LP na sahani ndogo za kasi ya 45: maji ya betri lita 1, isopropili (kilevi cha kusafishia) mililita 150, na matone 2 ya sabuni ya maji isiyo na krimu wala rangi. Isopropili mafundi simu wanayo, ndiyo wanayosafishia bodi. Spiriti ya buluu usiiguse, ina rangi inayobaki kwenye mfereji. Povu likionekana, sabuni imezidi.

Anza na brashi laini kavu kutoa vumbi la juu, santuri ikizunguka. Funika lebo kwa mifuniko miwili ya plastiki inayolingana nayo, mmoja kila upande, uishike kwa kiganja. Lebo ya karatasi ikilowa inachanika na ndiyo yenye jina la marehemu. Lowesha mifereji, iache dakika 2, kisha sugua kwa brashi ya nywele laini ukifuata mzunguko, kamwe usikate mfereji. Suuza mara mbili kwa maji ya betri matupu. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanalalamika sindano inakusanya utando kama nta. Simamisha ikauke kivulini, mahali pasipo upepo.

Kwa 78 toa isopropili kabisa. Sheleki inayeyuka kwenye kilevi, na mfereji ukishayeyuka haurudi.

Halafu kuna ukungu. Masika ya Machi hadi Mei, na baridi ya Juni na Julai, kava hunyonya unyevu zikiwa zimebanwa ukutani. Acha nafasi kati ya rafu na ukuta, zipange wima kama vitabu, zisiegemee. Kinyume chake ni joto: santuri iliyoachwa kwenye gari lililofungwa Moshi saa nane mchana inapinda kabla hujamaliza chakula.

Mdau wa Unga Limited, Arusha

Wakuu, sindano ikiruka ni sawa kuweka sarafu juu ya kichwa?

Mdau wa Kijenge, Arusha

Hapana ndugu yangu. Sarafu inaongeza gramu kadhaa na kulima mfereji. Kuruka kuna sababu: uchafu, ncha iliyokwisha, pleya isiyolala sawa, au uzito usiopangwa. Weka pimamaji juu ya sahani kwanza. Kisha zungusha uzito wa nyuma ya mkono hadi mkono uelee wenyewe bila kushuka wala kupanda. Hapo ni sifuri. Geuza pete ya namba isome 0 bila kugusa uzito wenyewe, halafu zungusha vyote pamoja hadi 1.8 au 2, kadiri katriji inavyotaka.

Kuhakikisha, mizani ya wafanyabiashara wa tanzanaiti inafaa sana, na mjini Arusha haikosekani. Ikisoma kwa karati, karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo gramu 2 ni karati 10. Sindano ishukie mizani kwa kimo kile kile cha santuri. Kama bamba la mizani ni chuma kinachonasa sumaku, weka kipande cha plastiki kinene juu yake, uipime upya kutoka sifuri, la sivyo sumaku ya katriji itavuta na kukudanganya.

Mdau wa Pasua, Moshi

Upande wa filamu za Kihindi, zilizojaza kumbi za sinema za Plaza ya Moshi na Metropole ya Arusha: kava lina picha ya mwigizaji, sauti ni ya mtu mwingine. Anayetaka kumkumbuka mwimbaji asome lebo, si picha. Mukesh alifariki tarehe 27 Agosti 1976, Mohammed Rafi 31 Julai 1980, Kishore Kumar 13 Oktoba 1987, Lata Mangeshkar 6 Februari 2022. Hawa mara nyingi tuliwajua kwa nyuso za wengine.

Hata lebo ina historia. Santuri ya filamu ya Mahal ya mwaka 1949 ilitoka kwanza ikiwa na jina Kamini, mhusika wa filamu, badala ya Lata aliyeimba. Ukikutana na jina usilolijua kwenye 78 ya Kihindi, usiitupe.

Jambo la pili: wimbo wa santuri si lazima uwe sawa na wa filamu. 78 ya inchi 10 inabeba kama dakika 3 kila upande, hivyo beti zilikatwa. Usihangaike kutafuta beti ambalo halikuwekwa.

Tatu, LP za HMV India zenye namba inayoanza na ECLP ni za mono (sauti ya njia moja), zenye ECSD ni za stereo (njia mbili). Ya mono ukiipiga kwa katriji ya stereo, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Wimbo haupungui chochote, lakini kelele nyingi za mikwaruzo zinafutana. Rafi anasogea karibu mara moja.

Mdau wa Ngarenaro, Arusha

Niongeze la kuhamishia kwenye kompyuta. Santuri nyingi za dansi la Tanzania zilikandamizwa Nairobi, na mpaka wa Namanga ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983, kwa hiyo nakala za kipindi hicho zilipita kwa shida. Zinastahili nakala ya pili.

Sauti ikiwa nyembamba, haina besi na iko chini, umechomeka pleya kwenye tundu la AUX la amplifaya bila kikuza sauti cha fono, kile kifaa cha kukuza sauti ndogo itokayo kwenye sindano. Ikinguruma, funga waya mwembamba wa ardhi kwenye skrubu ya amplifaya. Rekodi kwa biti 24 na hezi 96,000, kilele kisipite desibeli -6. Itakula kama MB 35 kwa dakika. Hifadhi nakala ghafi usiyoigusa, kisha fanyia kazi nakala nyingine.

Sahani za 45 mara nyingi hugawa wimbo sehemu ya 1 na ya 2, chemko (sehemu wimbo unapochangamka) likiwa upande wa pili. Unganisha pale upande wa kwanza unapofifia, ukifuata pigo la ngoma. Na usizidishe kichujio cha kelele: kinaanza kula maraka (manyanga) na pumzi ya mwimbaji kabla ya kumaliza mikwaruzo. Afadhali mikwaruzo kidogo ibaki.

Mdau wa Rau, Moshi

Mimi namtaja mwimbaji wa dansi Marijani Rajabu, aliyefariki tarehe 23 Machi 1995. Kwenye lebo za dansi hukutwa jina la bendi na la mtunzi, na mtunzi si lazima awe mwimbaji kiongozi. Andika kadi kwa penseli, uiweke ndani ya kava: nani anaimba, nani anapiga gitaa la solo, nani amekuambia. Usiandike kwa kalamu juu ya kava, wino unapenya.

Mdau wa Kaloleni, Arusha

Asanteni sana wakuu. Moja limebaki. Sauti inayoyumba juu na chini kila mzunguko si mkanda wala umeme, ni tundu lisilo katikati, hasa kwa 45 zenye tundu kubwa la milimita 38 na kiziba kilicholegea. Tazama mkono wa pleya kwa upande: ukienda kushoto na kulia kila duru, inua sindano, sukuma santuri kidogo kuelekea upande wa pili, teremsha tena. Ukishapata katikati, zungushia kiziba utepe mwembamba wa plasta hadi kikaze, na uweke alama ya penseli kwenye lebo kuonyesha upande uliosukuma.