Mkopo wa laki moja wa friza na samaki Kongowea, hati ya kiwanja sina

Muuza_Nguru: Assalaam aleikum. Natafuta 100,000: friza 60,000, na 40,000 ya kununulia nguru na changu. Mauzo yote huingia kwenye laini yangu ya M-Pesa. Kampuni moja yataka asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 12. Nichukue?

Hesabu_Pwani: Waaleikum salaam. Uliza hiyo 1.5 yapigwa juu ya nini. Ikipigwa juu ya laki nzima kila mwezi, riba ni 18,000. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, ni kama 10,000, na asilimia ni ile ile! Halafu kuna ada. Wakikata 3,000 ya kushughulikia na 1,000 ya bima, wapokea 96,000 na riba walipa ya laki. Dai ratiba ya malipo kwa maandishi kabla ya kutia sahihi. Wakizungusha, achana nao.

Bi_Kisauni: Dada, fungua till, namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara peke yake. Pesa za samaki zikichanganyika na za karo na za mjomba, afisa wa mikopo hawezi kujua biashara yaingiza ngapi, basi akupunguzia mkopo. Miezi sita ya till, leseni ya kaunti na daftari la ununuzi vyatosha kuanzia. Ripoti yako ya CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, ichukue mapema, ya kwanza kila mwaka ni bure. Vijideni vya app vilivyosahaulika ndivyo huangusha wengi.

Dau_la_Likoni: Hati si lazima. Tangu sheria ya dhamana ya mali inayohamishika ya 2017, hata friza yaandikishwa dhamana. Lakini ya mtumba isiyo na risiti wala namba, nani ataipokea? Asiyetaka riba aulize murabaha: benki yanunua friza, yakuuzia kwa bei ya juu iliyokubaliwa, walipa kidogo kidogo.

Hesabu_Pwani: Na 40,000 ya samaki usiifunge kwenye mkopo wa mwaka mzima, mzigo wenyewe wauzwa kwa siku chache. Tena angalia kusi, msimu wa upepo mkali. Bahari ikichafuka samaki wapungua, marejesho hayapungui. Omba malipo madogo Mei hadi Agosti, makubwa wakati wa kaskazi, bahari ikitulia. Wakikataa, anza Septemba umalize Aprili. Kila rejesho litakuwa zito zaidi, ila kusi itakukuta huna deni.

Muuza_Nguru: Friza nikichukua kwa murabaha, hiyo 40,000 Sacco watanipa?

Bi_Kisauni: Nyingi hutoa hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo uwe na kama 13,400 na wadhamini. Wengi hutaka uweke akiba miezi kadhaa kwanza, jiunge mwezi huu huu.