Kupima timu ya mawakala: alama za pamoja au za kila mmoja?

Swali
Wenzangu, natumia algoriti za kijenetiki (programu zinazoboresha suluhisho kizazi baada ya kizazi kwa kuteua yaliyofaulu) kuunda timu ya roboti nne za mwigo, yaani mawakala walio ndani ya kompyuta tu, zinazosukuma sanduku, na timu nzima hupewa alama moja. Vizazi vinapita, lakini roboti mbili husukuma huku nyingine zikizungukazunguka tu na kurithisha jeni zao (mipangilio inayoongoza mwenendo wao) vilevile. Je, nimpime kila wakala peke yake?

Jibu la kwanza
Ukifanya hivyo utazalisha wagombea sanduku, si washirika. Afadhali uchukue matokeo ya timu, kisha utoe yale ambayo ingepata bila wakala huyo, ili mzembe aambulie sifuri. Gharama yake ni kuendesha mwigo mara nyingi zaidi.

Jibu la pili
Kama majukumu hayatofautiani, wape wote jeni zilezile, na hapo hatakuwepo wa kudandia jasho la mwenzake. Yakitofautiana, tumia mageuko shirikishi waliyoyaeleza watafiti Potter na De Jong mwaka 1994, ambapo kila jukumu lina kundi lake la watahiniwa. Mpime mtahiniwa pamoja na wenzi kadhaa kutoka makundi mengine, lakini uhifadhi alama yake ya juu kabisa, kwa sababu wastani humpendelea anayepatana kidogo na kila mtu kuliko anayeng'ara katika timu inayomfaa.

Muuliza swali
Kazi yao ni moja, kwa hiyo nitaanza na jeni zilezile.