Koliflawa badala ya wali: yangu imegeuka uji, nakosea wapi?

Binti wa Tabata

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67 na kisukari mwaka wa nane sasa. Kliniki wamemwambia apunguze wali, na huyu ni mtu wa Kyela: wali ndiyo chakula, vingine vyote ni vitafunwa. Nikasikia kuna watu wanasaga koliflawa wanaila kama wali. Jumamosi nikanunua kichwa kimoja, nikakikatakata, nikatia kwenye blenda na maji kidogo ili izunguke vizuri. Halafu nikapika kama ninavyopika wali siku zote: kitunguu, mafuta, chumvi, maji kikombe kimoja, nikafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko.

Kufunua nakuta uji. Tena uji unaonuka yai viza. Mama kaonja kijiko kimoja, kaniangalia, kauliza, "Huyo mtoto mchanga unayempikia yuko wapi?"

Nakosea wapi? Na kama kuna mboga ya bei nafuu zaidi nitajieni, maana kile kichwa kimoja kimenigharimu kuliko kilo ya mchele.

Mzee wa Sufuria

Pole mdogo wangu, nimecheka lakini pole. Umeipika kama mchele, hapo ndipo ulipopotea. Mchele ni mkavu, unakunywa maji. Koliflawa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji yenyewe, sasa umeiongezea ya blenda, ukaiongezea kikombe, ukafunika mvuke usitoke. Ungepata nini kama si uji?

Fanya hivi. Osha kichwa kikiwa kizima, kiache kikauke kabisa ndipo ukate. Blenda weka kando, chukua kile cha kukwangulia karoti, upande wa matundu makubwa. Chenga ziwe kama mchele uliokatika, zisifike kuwa unga. Lile bua nene usitupe, limenye nalo ulikwangue. Mimina kwenye kitambaa safi, kunja, kamua kama unavyokamua tui. Kamua kwelikweli.

Frampeni pana, moto mkali, mafuta kijiko kimoja. Kitunguu kikianza rangi, tia koliflawa kidogo, itandazike tu isijazane. Ikijazana inatoa mvuke na unarudi kule kule. USIFUNIKE. Igeuze, iache itulie nusu dakika, igeuze tena. Dakika tano hivi, ukiona kingo zimeshika rangi, epua. Chumvi mwishoni, kwa sababu chumvi inavuta maji. Na ile harufu ya yai ni ya kupika mno: koliflawa na kabichi ni ukoo mmoja, zina salfa, ukizikalisha motoni muda mrefu inatoka.

Mtoto wa Lushoto

Huku kwetu zimejaa, zikishapanda gari kuja Dar ndipo zinageuka dhahabu. Ukienda sokoni chagua kichwa kigumu, kizito mkononi, majani yamekibana. Kikiwa na madoa ya kahawia kimeshakaa, muachie mwenye nacho.

Mfuko ukikataa, kabichi. Kata nyembamba kama ya kachumbari, kisha katakata kwa kukingamana mpaka iwe chenga, kaanga vilevile alivyosema Mzee. Inakuwa na utamu fulani, ila ukimwagia mchuzi wa maharage hakuna anayeuliza.

Jogoo wa Mtaa

Mnahangaika bure. Mpe dona au ndizi mbichi. Wazee wetu walikula nini?

Nesi Mstaafu

Jogoo, dona na ndizi mbichi ni wanga tu, kaka yangu. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, sikatai, lakini bonge la ugali ni bonge la ugali. Wali uliopikwa gramu 100 una wanga kama gramu 28. Koliflawa gramu 100 ina kama gramu 5. Ndiyo sababu watu wanahangaika hivi.

Binti, mimi swali langu ni jingine: mama anatumia dawa gani? Kama anachoma insulini au anameza glibenklamaidi, vile vidonge vya kushusha sukari, ukimwondolea wali ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ataloa jasho, atatetemeka, ataongea vitu visivyoeleweka. Zungumza na kliniki kabla ya kubadilisha sahani nzima. Pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike kwenye daftari. Kipimo kimoja hakisemi kitu, leta cha wiki.

Halafu koliflawa peke yake haishibishi. Weka maharage au samaki pembeni, la sivyo saa nne usiku utamkuta jikoni na mkate. Mama mkwe wangu nilimkuta.

Bi Mwana wa Mikindani

Mwanangu, usimtoe mtu kwenye wali kwa siku moja, utamchukiza. Mimi kwa mume wangu nilianza na robo koliflawa, robo tatu wali. Hakugundua. Baadaye nikafika nusu kwa nusu na hapo nikasimama, maana ukizidisha tonge halishikani, na mtu anayekula kwa mkono utamdanganya vipi? Pika kila kimoja chunguni mwake, uchanganye wakati wa kupakua.

Tui usitie, utarudi kwenye uji wako. Ukitaka ladha ya nazi, chukua nazi kidogo uikune, ikaange kavu mpaka iwe hudhurungi, nyunyiza juu. Na ukitaka iwe kama pilau, bizari nzima na kitunguu saumu vitangulie kwenye mafuta, usivitie baadaye.

Binti wa Tabata

Mrejesho, wapendwa.

Mama anameza metformini na hiyo glibenklamaidi, kwa hiyo Nesi asante sana, nilikuwa sijui kabisa. Nimepiga simu kliniki, wamesema twende Alhamisi na daftari, mpaka hapo nisivuke nusu kwa nusu.

Jana nimekwangua, nikakamua kwa kipande cha kanga. Yametoka maji karibu kikombe cha chai! Nikakaanga kwa mafungu matatu, nikachanganya na wali nusu kwa nusu, maharage na dagaa pembeni. Chenga zilisimama zenyewe na harufu haikuwepo. Saa mbili baada ya kula kipimo kimesoma 9.4, juzi kwa wali mtupu kilisoma 13.1. Najua Nesi, kimoja hakisemi kitu, daftari limeshafunguliwa.

Fungu la tatu niliacha likaungua kidogo chini, na Bi Mwana utacheka: hilo ndilo mama alilolisifia, anasema limemkumbusha ukoko.

Sahani kaimaliza. Wakati ananawa kauliza, "Mchele huu si wa kwetu Kyela. Umeutoa wapi?"

Nikamjibu Lushoto. Kaniangalia tena vile vile.