Mrejesho: majibu ya lipoprotini(a) yametoka

Wakuu, niliuliza inakuwaje kaka yangu apate shambulio la moyo akiwa na miaka 41, havuti sigara, si mnene, na kolesteroli yake mbaya iko sawa. Mkasema tupime lipoprotini(a), aina ya chembe za mafuta kwenye damu. Yake iko juu sana, na yangu nanomoli 210 kwa lita. Kuanzia 125 huhesabiwa hatari.

Daktari kanieleza ni chembe kama ya kolesteroli mbaya, ila imeng'ang'aniwa na protini ya ziada. Kiwango chake karibu chote kinaamuliwa na jeni, ndiyo maana kwa wengi kipimo kimoja maishani kinatosha. Mlo na mazoezi havikishushi cha maana, statini nazo, zile dawa za kushusha kolesteroli, hazikishushi.

Sasa dawa ya nini? Hapo nilibishana naye kidogo. Akasema hatari hujumlishana: hii haishuki, basi zinazoshuka zibanwe kuliko kawaida, yaani kolesteroli mbaya, presha na sukari. Nimeanza statini. Kaniandikia na eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, maana chembe hizi huweza kukakamaza vali, vile vilango vya moyo.

Dada yetu kapima, yake iko chini kabisa. Baba mmoja, mama mmoja! Wanangu bado hawajapimwa.