Tupeane uzoefu: filamu gani ya kifo na ahera ilikutikisa imani?

Wadau, jana nimemaliza After Life ya Kore-eda (1998). Wafu wanafika sehemu kama ofisi chakavu, wanapewa siku tatu wachague kumbukumbu moja tu ya maisha yao, inaigizwa, inarekodiwa, wanaondoka nayo milele na mengine yote yanafutika. Hakuna moto wala malaika. Na wale maofisa wenyewe kumbe ni wafu walioshindwa kuchagua. Usingizi umepaa. Nyie je?

mpitanjia: Mi ningebaki ofisini hapo hapo, kuchagua siwezi 😂

dadamkubwa: Umenikumbusha mbali. Mi ni Ordet ya Dreyer, 1955. Niliiangalia muda si mrefu baada ya kumzika mdogo wangu, alifariki akijifungua, na hakuna aliyeniambia stori inaelekea wapi. Kumbe Inger naye uzazi unamshinda, mara jeneza hilo hapo, baba mkwe anasema roho yake iko kwa Mungu, mume wake Mikkel ambaye haamini chochote anajibu kwamba yeye aliupenda na mwili wake pia. Nilikatika. Maana msibani kila mtu alikuwa ananiambia yuko pema peponi, sawa, ila mimi nilikuwa naitaka ile mikono iliyokuwa inanisuka. Halafu anaingia Johannes, yule aliyechizika akajiona ndo Kristo, katoto kamemshika mkono kanamhimiza, anamwita marehemu, na vile vidole vilivyofumbatana vinaanza kuachiana taratiiibu. Nilirusha rimoti ukutani. Kwa nini wa kwenye filamu tu, wetu je? Hadi leo sijui ilinifariji au ilinikejeli. Ila kusali nilikuwa nimeacha, nikaanza tena, wakati mwingine nasali kwa hasira.

mzeewakazi: Pole sana dada. Hata ya hasira inapokelewa.

kipanga: Pole, ila ufufuo wa sinema ni kamera tu jamani, tusidanganyane.

dadamkubwa: Kwani nimesema nilidhani ni taarifa ya habari?

mpitanjia: Kipanga umeyataka 😂

kipanga: Haya yaishe. Yangu ni The Seventh Seal (1957) ya Bergman, mtoto wa mchungaji yule. Askari katoka vitani anacheza chesi na Kifo ili apate muda, anataka ajue kabisa, habari ya kuamini tu hataki. Anamuuliza siri za huko, Kifo anasema hana siri yoyote, hajui kitu. Yaani tunayemuogopa hivyo naye hana taarifa! Nililala fofofo siku hiyo.

mzeewakazi: Kucheza na Kifo ni kumkufuru Mungu.

kipanga: Mzee umeiangalia?

mzeewakazi: Siwezi kuiangalia.

kipanga: Basi.

mpitanjia: Ushauri wangu, ukiwa na msiba mbichi achana na hizi kabisa.

dadamkubwa: Mi naona ndo wakati wake. Ukishapoa unaangalia taa na kamera tu.

mpitanjia: Basi anza na Coco (2017), ya watoto, nyepesi.

kipanga: Nyepesi?? Ile ambayo marehemu akisahauliwa na walio hai anatoweka moja kwa moja? Niliangalia na mwanangu, yeye akalala, mimi nikaanza kupiga simu kwa mashangazi kuuliza majina ya mababu.