Msaada: nataka seva igawe anwani za IP kwa kufuata majina ya vifaa

Mwaloni_Netiweki
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mtandao wa ghala la samaki hapa Kirumba, Mwanza. Kuna kompyuta za ofisi, mizani za kidijitali, printa za lebo na vishikwambi vya wahesabuji. Vyote vinachota IP fungu moja, 192.168.10.100 hadi 200. Umeme ukikatika na kurudi, printa inaamka na anwani nyingine, kompyuta haiioni, na sangara wako kwenye kreti wanasubiri lebo huku barafu inayeyuka. Inaniuma sana, maana huo mzigo kuna watu wamekesha ziwani kuutafuta.

Vifaa vina majina ya mpangilio: ofisi-01, mizani-01, printa-01. DHCP (huduma inayogawa IP) inaendeshwa na programu ya dnsmasq kwenye kompyuta ndogo ya Linux. Naweza kuiambia kila jina linaloanza na mizani lipate 50 hadi 69, na ofisi 70 hadi 99? Msaada tafadhali.

Kamba_na_Nyavu
Inawezekana mkuu. Kifaa kikiomba IP hutaja na jina lake, kwenye chaguo namba 12 la DHCP. dnsmasq za karibuni zinalisoma na kukipa kifaa tagi (alama), kisha tagi ndiyo inachagua fungu:

dhcp-name-match=set:mizani,mizani-*
dhcp-name-match=set:ofisi,ofisi-*
dhcp-range=tag:mizani,192.168.10.50,192.168.10.69,12h
dhcp-range=tag:ofisi,192.168.10.70,192.168.10.99,12h
dhcp-range=tag:!mizani,tag:!ofisi,192.168.10.100,192.168.10.200,12h

Huo mstari wa mwisho uandike hivyohivyo, na alama za ! (yaani "asiye na tagi hii"). Fungu lisilo na masharti liko wazi kwa kila kifaa, kwa hiyo mizani inayokumbuka IP yake ya zamani itaiomba na kupewa.

Binti_Ukerewe
Sawa, ila kwa printa mimi sikubaliani na njia ya majina. Printa ziko chache na hazihami, zifunge kwa MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kila kifaa):

dhcp-host=aa:bb:cc:11:22:33,printa-01,192.168.10.20

Hapo hata umeme ukatike usiku kucha, ikiwaka inarudi palepale.

Halafu angalia faili lako la mipangilio kama kuna dhcp-sequential-ip (kugawa IP kwa foleni), na dhcp-leasefile (faili la kumbukumbu ya nani kapewa IP gani) inaelekea wapi.

Mwaloni_Netiweki
Dada umejuaje? sequential ipo, na leasefile iko /tmp. Fundi aliyetangulia ndiye aliyeziweka.

Binti_Ukerewe
Basi ugonjwa ni huo. Kwenye mashine nyingi /tmp haivuki kuzimwa, kwa hiyo seva inasahau nani alikuwa na nini, kisha inagawa kwa foleni: anayewaka wa kwanza anachukua namba ya kwanza. Hamishia leasefile kwenye /var/lib/misc na ufute hiyo sequential. Usipofanya hivyo, hata kwa majina mizani zako zitaendelea kubadilishana namba ndani ya fungu lao.

Na jina usilifanye ulinzi, ndugu yangu. Mtu yeyote akiita simu yake ofisi-09 atapewa IP ya ofisi. Mafungu yote matatu ni mtandao mmoja, yanaonana. Ukitaka kuwatenga wageni na mizani, hiyo ni kazi ya VLAN (kugawa mtandao kuwa mitandao iliyotengana) kwenye swichi.

Mwaloni_Netiweki
Nimeelewa, asante sana. Vishikwambi ni vya Android, vingine havioneshi jina kabisa.

Kamba_na_Nyavu
Ndivyo, Android 8 iliacha kutuma jina. Viache kwenye fungu la wote, havihitaji IP ya kudumu. Anza na mizani moja baada ya saa za kazi, weka log-dhcp kwenye faili la mipangilio, na usome kwenye logi jina lililotumwa na tagi iliyowekwa kabla hujagusa nyingine.