Tupeane uzoefu: ulikosea wapi ulipojitolea kufanya mazoezi na vijana wenye ulemavu?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Naomba mada hii isiwe ya kusifiana. Sifa tunazipata za kutosha kila tunapovaa zile fulana za kujitolea. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze pale alipokosea alipokuwa akiwasaidia vijana wenye ulemavu katika mbio ndefu, ili anayeanza leo asirudie yale yale. Naanza mimi.

Kwa miaka 2 nimekuwa kiongozi wa binti asiyeona, ambaye sasa ana umri wa miaka 16. Nasema "kiongozi" kwa makusudi, maana wenzangu hupenda kulitohoa neno la Kiingereza, nalo likishapita kwenye ulimi wetu huwa "gaidi". Siku moja mwenzangu alimweleza bawabu wa uwanja kwamba yeye ndiye gaidi wa yule msichana, na ilituchukua muda kuingia.

Tunashika kamba fupi, yeye ncha hii na mimi ncha ile, mikono ikienda na kurudi pamoja. Wiki za mwanzo nilikuwa nikimvuta bila kujijua; nilidhani namtia moyo. Kanuni za riadha ya walemavu zinamkataza kiongozi kumvuta au kumsukuma mwanariadha, na kwenye utepe ni lazima mwanariadha atangulie. Hata hivyo, si kanuni iliyonirekebisha, bali ni mama yake, aliyenipigia simu kuniuliza kwa nini mtoto analala akilalamikia bega la kushoto. Kosa la pili lilikuwa la mdomo: nilikuwa nikisema "tuta!" wakati kidole chake kimeshagonga tuta. Siku hizi nahesabu mapema, "tuta, hatua tano, tatu, moja, panda," na kwenye barabara ya kupanda Menengai, ambako lami imemeguka kandokando, hutangaza kilomita nzima kama mtangazaji wa kandanda redioni.

Fundi wa baiskeli, Kondele, Kisumu

Mimi nililetwa na pancha. Kijana mmoja wa miaka 17 aliletewa kiti cha mbio kilichokuwa kimetumiwa na mtu mwingine, kile chenye magurudumu 3, dogo likiwa limetangulia mbali mbele na makubwa mawili yakiwa yameinama ndani kwa juu, nacho kilikuwa na mipira iliyokwisha. Nilibadilisha mipira, nikakaza kila kitu, nikajiona nimemaliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa sponji. Kiti cha mbio hupimwa kwa mwili wa mwenyewe kama suti, na hiki kilimpwaya. Kwa hiyo nilikata kipande cha godoro nikakishindilia upande mmoja bila kumuuliza yeye wala mtu anayejua. Kijana yule hana hisia kuanzia kifuani kwenda chini. Wewe na mimi tukikaa vibaya tunaumia, tunajigeuza. Yeye hakusikia lolote, na baada ya wiki 2 alikuwa na kidonda kwenye kalio kilichomlaza kwa tumbo karibu miezi 2. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Sasa kila baada ya mazoezi nduguye humkagua ngozi, naye amezoea kujinyanyua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili damu ipite.

La pili naona aibu kulisema. Jua la Kisumu mnalijua, ikifika saa nne asubuhi mtu anatiririka. Yeye alikuwa mkavu miguu na tumbo, nami nikamsifu mbele ya wenzake kwamba mwanamume ni huyu, hata jasho halimtoki. Mtaalamu wa tiba ya viungo alisikia, akaniita pembeni akanieleza kwamba uti wa mgongo ukikatika juu, mwili ulio chini ya jeraha hautoi jasho inavyopaswa, kwa hiyo joto hubaki ndani na linaweza kumwangusha. Nilikuwa nikisifia dalili ya hatari. Tangu siku ile tunaanza saa kumi na mbili alfajiri, na mimi hubeba chupa ya kunyunyizia maji, kama ile ya kinyozi, ambayo hutumika kuliko spana zangu zote.

Mwalimu, Kakamega

Wanafunzi wangu ni viziwi. Nilikosea kwa kusimama nikiwa nimelipa jua mgongo wakati wa kutoa maelekezo, uso na mikono yangu ikawa kivuli kitupu, kisha nikakasirika kwamba hawafuati. Pia nilianzisha mbio kwa filimbi. Sasa tunaanza kwa kushusha kitambaa chekundu, na hakuna maelekezo wakiwa mbioni. Yote huyamaliza kabla, kwa Lugha ya Alama, ambayo naendelea kujifunza kwao, nao hunicheka bila huruma.

Mzazi, Ahero

Mimi sikujitolea, mwanangu ndiye anayejitolewa, kwa hiyo mniwie radhi nikisema kidogo. Kundi moja lilikuja kwetu na kamera, likamvalisha kofia, likamkimbiza kwenye baiskeli ya mkono kando ya mashamba ya mpunga, likaahidi kurudi kila Jumamosi. Lilirudi mara moja. Mtoto aliketi langoni Jumamosi 5 mfululizo, amevaa ile kofia. Kama mna Jumamosi moja tu kwa mwezi, semeni ni moja; mtoto anaweza kuihesabu. Na jambo jingine ambalo wageni huwa hawalifikirii ni nauli: makanga humtoza yeye, kisha hukitoza kiti kama gunia la mchele, na siku nyingine gari halisimami kabisa. Anayetaka kusaidia na hawezi kukimbia, aje aulize habari za usafiri.

Muuguzi, Bungoma

Langu ni fupi. Niliwapeleka vijana 2 wenye ualbino mbio za adhuhuri wakiwa na fulana zisizo na mikono, kwa sababu ndizo tulizogawiwa. Waliungua. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena njiani, na alfajiri.

Mwanariadha, Kisumu

Shikamooni. Nina miaka 20 na sioni kabisa. Nimewasoma nyote kupitia simu inayonisomea, na nashukuru kwamba hakuna aliyesema tunamtia moyo.

Watu hunisimulia mara nyingi habari za Henry Wanyoike, Mkenya asiyeona, kwenye Paralimpiki za Sydney mwaka 2000, jinsi kiongozi wake alivyoishiwa nguvu naye Wanyoike akamkokota hadi utepeni akashinda dhahabu ya mita 5,000. Wao husikia ushujaa; mimi husikia kiongozi aliyechoka. Mwaka 2024 mjini Paris, Mhispania Elena Congost aliiachia kamba kidogo ili amshike kiongozi wake aliyebanwa na misuli, hatua chache kabla ya mwisho wa marathoni, akanyang'anywa shaba kwa kuiachia. Kiongozi wangu ni mzee wangu kwa heshima, ana miaka 41, na mwezi huu nimeanza kumsikia akihema kabla yangu. Hajasema. Nami sijamwambia. Mbio za mita 5,000 na zaidi zinaruhusu viongozi 2 wapokezane, kwa hiyo simwachi. Natafuta wa pili anayeweza kuzikimbia chini ya dakika 17 bila kuona taabu.

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Mdogo wangu, hata mimi binti yangu ameshaanza kunisubiri kwenye mlima. Mwambie mzee wako. Huenda anangoja uanze wewe. Mwalimu wa Kakamega, vijana wako wanakwenda kwa muda gani?

Mwalimu, Kakamega

Ninaye mmoja wa dakika 15 na nusu, na angependa sana. Ila hawezi kumwambia "tuta".

Mwanariadha, Kisumu

Uwanjani hakuna matuta, mwalimu. Kona nitaisikia kwenye kamba. Mlete Jumamosi.